Nyumba Moja, Nafasi Moja

Mhariri amenionyesha barua zenu. Za kunipa pole ziko mbili, tatu. Zilizobaki mnanitukana. Kuna mama mmoja ameandika kwamba mwanamke anayemkana mwanaume wake mbele ya serikali apakwe masizi, atembezwe mtaani. Sina la kubisha, mama. Kaa usome, leo utapata na mengine ya kunitukania.

Kwa mnaoanza leo: naitwa Attracta Padden, mfuga kondoo wa Erris, huku upande wa bahari. Nina miaka arobaini na saba na ninaishi na baba yangu, mzee Dinny. Kondoo wangu hawatoshi kumlisha mtu, kwa hiyo niko kwenye Mpango, kama nusu ya parokia hii. Serikali inamwongezea kipato mkulima mdogo na mvuvi mdogo, na yeye anaifanyia kazi jamii yake nusu ya wiki. Kundi letu tulipewa makaburi. Kufyeka nyasi, kujenga ukuta wa mawe, kuinua misalaba iliyolala.

Huko makaburini ndiko nilikompata Festus Ruddy, mwenye madema ya kutegea kambakoche baharini na kondoo wachache. Tumependana miaka saba. Na miaka saba hatukuoana, kwa sababu ya sharti moja la Mpango tulilolijua kuliko sala zetu: nyumba moja, nafasi moja. Mkioana, au mkionekana mnaishi kama mke na mume, mmoja anatolewa. Yeye alikuwa na mama yake wa kumtunza, mimi nina baba. Tukawa tunaibaiba mapenzi na mvi zetu kichwani.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi mtu asiyetaja jina alivyotuchongea, na jinsi afisa, Bi. Noreen Tuohy, alivyokuja jikoni kwangu na faili kwapani. Niliulizwa kuhusu Festus. Nikasema tunashirikiana toroli, basi. Akaandika, nikatia sahihi. Alipokuwa anatoka akasema Festus naye ataitwa atoe maelezo yake, ila kwa kuwa mama yake yu mahututi, atampa muda.

Mama Sabina Ruddy hakutaka muda. Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi.

Jumatano asubuhi mimi na Packie Deane wa kundi letu tulichimba kaburi. Hiyo ni kazi ya majirani, na sisi ndio wenye majembe. Packie ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alichimba kimya mpaka tukafika kiunoni, ndipo akaniuliza kama nimeshawahi kusikia mwanamke aliyemchimbia kaburi mama mkwe wake mwenyewe. Nikamwambia sina mama mkwe. Akasema sawa, akaendelea kutupa udongo.

Mchana ule nyumba ya akina Ruddy ilijaa mpaka uani. Mama Sabina alikuwa amelazwa sebuleni, jeneza wazi, rozari mkononi. Mimi nilijificha jikoni na wanawake wa chai. Jikoni kwenye msiba mtu yeyote anaruhusiwa, hakuna wa kukuuliza umekuja kama nani. Nilikata mikate, nikapaka siagi, nikakata tena. Nilipaka siagi mpaka mkono ukauma.

Festus akaingia kuchukua birika. Wale wanawake walikuwa na akili, wakabeba sahani zao wakatoka.

"Kesho kaa na mimi," akasema.

"Wapi?"

"Benchi la mbele. Mimi sina kaka wala dada, unajua. Kaa na mimi."

Nikamwambia Bi. Tuohy atakuwepo. Mama yake mzazi amezikwa makaburi haya haya, na yule bibi hajawahi kukosa mazishi ya hapa hata mara moja. Festus akasema anajua.

"Nimetia sahihi, Festus."

"Najua ulichotia sahihi. Kesho kaa na mimi. Usiogope mtu."

Nilirudi kwenye mkate wangu. Akanishika bega kidogo, mkono wake ulikuwa na baridi, akachukua birika akarudi kwa wageni. Nadhani alidhani kunyamaza kwangu ni kukubali. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa muda.

Asubuhi ya mazishi nilikuwa namfunga baba tai. Akaniuliza nitakaa wapi kanisani. Nikamwambia nitakaa naye viti vya nyuma, kwa sababu ya mguu wake.

"Mguu wangu hauna ugomvi na benchi la mbele," akasema.

Nikamwambia asiniongezee. Nikamkumbusha kwamba nikitolewa kwenye Mpango hakuna mafuta ya kupasha nyumba moto, hakuna gari la kumpeleka hospitali, kondoo wenyewe itabidi wauzwe. Nilikuwa namkaripia mzee wa miaka themanini na tatu huku nimemshika shingo. Akasubiri nimalize.

"Mimi nimekula maisha yangu," akasema. "Usiniweke mimi kuwa sababu. Kama unaogopa, ogopa kwa jina lako mwenyewe."

Nilikaza tai nikamwambia twende, tutachelewa.

Watu wa Mpango tulisimama mistari miwili mlangoni mwa kanisa, na zile fulana zetu za kazi zinazong'aa, jeneza likapita katikati yetu. Ndivyo tunavyomfanyia mwenzetu akifiwa. Festus alikuwa amebeba mbele, upande wa kulia. Alipofika usawa wangu hakugeuza kichwa, lakini nilijua ameniona.

Tukaingia. Mimi na baba, Packie, msimamizi wetu Carmel Togher na wengine tukakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Festus akaenda mbele.

Benchi la wafiwa linakaa watu wanane. Alikaa peke yake. Alikaa kwa ndani, akaacha nafasi pale pembeni, upande wa njia, nafasi ya mtu mmoja anayekuja.

Watu walianza kugeuka. Kwa kificho, si kwa ubaya. Parokia nzima ilikuwa inajua habari zetu, hakuna aliyekuwa hajui ila karatasi. Carmel akanigusa na kiwiko, akaninong'oneza niende. Packie akasema kama siendi basi ataenda yeye, maana hii ni aibu. Baba alisogeza miguu yake ili nipate pa kupita.

Bi. Tuohy alikuwa benchi la tatu kutoka mbele, koti jeusi, mgongo umenyooka. Nilimtazama yule mwanamke kisogoni mpaka nikaanza kuhesabu pini za nywele zake.

Padri alisubiri. Naapa alisubiri. Alisimama pale na kitabu chake wazi, akatazama ile njia ya katikati mpaka kwetu, akahema, ndipo akaanza misa.

Sikwenda.

Baada ya misa ikaja foleni ya kutoa pole. Mnapita mmoja mmoja mbele ya wafiwa, mnashikana mikono. Siku nyingine unamshika mkono baba, mama, shangazi, wajomba. Siku ile mikono yote ilikuwa ya Festus. Nilipanga foleni kama walivyopanga wengine, nyuma ya dereva wa basi la shule, mbele ya mtu anayeuza chanjo za kondoo.

Nikafika. Nikampa mkono.

"Pole kwa msiba wako, Festus."

"Asante kwa kuja," akasema.

Hayo ndiyo maneno aliyomwambia dereva wa basi. Na yule wa chanjo nyuma yangu nilimsikia akiambiwa hayo hayo. Hakunibana mkono, hakuniachia haraka. Alinishukuru vizuri kwa kuja kumzika mama yake, akamgeukia anayefuata.

Nje uwanjani Bi. Tuohy alinikuta nimeegemea ukuta tulioujenga mimi na Festus. Akasema ni jambo jema watu wa Mpango tumejitokeza hivi kwa mama wa mfanyakazi mwenzetu. Nikasema ndiyo.

Jumatatu Festus alirudi kazini, akamwomba Carmel amhamishe. Akapelekwa ile njia ya watembea kwa miguu kule kwenye majabali, kurekebisha ngazi na mbao za kukanyagia. Wiki tatu tulionana asubuhi tu, kwenye banda la vifaa, tunapochukua makoleo. Hakuninunia. Angeninunia ningeshukuru. Alikuwa ananisalimia kwa jina, ananiuliza hali ya baba, ananipisha mlangoni. Adabu ile iliniua, jamani. Mwanaume niliyempikia viazi miaka saba, ananipisha mlangoni kama mke wa mchungaji wa Kiprotestanti.

Kula kukanishinda. Nikawa napika, namwekea baba, changu nampa mbwa. Baba alikuwa akitazama tu, mpaka siku moja akaniambia mbwa ananenepa.

Ndipo ukaja mkutano.

Jumanne mchana tuliitwa wote ukumbini, watu wa Mpango wa parokia nne, wakulima na wavuvi. Amekuja mama mmoja wa wizarani na makaratasi yake. Tulijua wamekuwa wakikusanya malalamiko mwaka mzima, tumejaza madodoso mpaka kalamu zimeisha, lakini hakuna aliyetegemea kitu. Yule mama akasema Mpango unarekebishwa. Akasema mengi: saa za kazi, ukomo wa miaka unafutwa, wavuvi wasio na mifugo nao wataingia. Mimi nilisikia moja tu.

Kuanzia tarehe mosi, kila mtu atahesabiwa kwa kazi yake na kipato chake. Mke na mume wote wawili wanaweza kubaki. Sharti la nyumba moja, nafasi moja, limefutwa.

Packie akasimama, akauliza kama ina maana sasa anaruhusiwa kukubali kwamba mke wake ni mke wake. Mke wake akampiga na mkoba. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakapiga makofi, wazee wawili wakakumbatiana, na hawa ni watu ambao sijawahi kuwaona wakigusana hata Krismasi.

Mimi nilikuwa nalia. Nilimtafuta Festus, hakuwepo. Nikachukua koti langu nitoke, Carmel akanivuta mkono, akaniingiza chumba cha kuwekea viti, akafunga mlango.

Carmel ni msimamizi wetu, mwanamke wa kazi, si wa kupoteza maneno. Alikuwa ameshika bahasha. Akasema kuna jambo linamsumbua tumboni na leo halali tena nalo. Siku ile ya Jumatano, mama Sabina bado yuko sebuleni, Festus alimwita uani akampa barua. Barua ya kuacha Mpango. Anaacha nafasi yake moja kwa moja, ili Attracta Padden abaki na nafasi ya nyumba.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Akasema alimwona Festus amechanganyikiwa na msiba, akamwambia lia kwanza, hii tutaongea Jumatatu. Jumatatu alipomuuliza kama aipeleke, Festus alijibu kwamba haina haja tena. Akamwambia aichane. Carmel hakuichana.

Nikaisoma pale nimesimama katikati ya viti. Ilikuwa mistari minne. Jumatano. Siku moja kabla ya kanisa.

Mnaelewa? Wakati ananiambia kaa na mimi, usiogope mtu, alikuwa ameshaitoa nafasi yake. Nilikuwa naogopa kitu ambacho yeye ameshakilipia. Ningekwenda mbele siku ile, Bi. Tuohy angesema nini? Mwenye nafasi ni mmoja, na maelezo niliyotia sahihi ni ya kabla ya hapo. Hakuna kosa.

Carmel akanishika mabega. Akasema lakini hakuna kilichoharibika, barua haikupelekwa, nafasi yake ipo, yangu ipo, na sheria imebadilika. Akanionya jambo moja tu. Kile nilichotia sahihi jikoni kwangu hakifutwi na sheria mpya. Mpaka tarehe mosi ni sheria ya zamani, na aliyedanganya kwenye maelezo anatolewa, hakuna kurudi.

"Zimebaki siku tisa, baada ya hapo hakuna wa kuuliza," akasema. "Dada yangu, nyamaza siku tisa, halafu muoane mtuache tupumzike."

Niliendesha gari mpaka kwa Festus sijui kwa gia gani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafuma wavu wa dema. Nikamwambia wamefuta. Akasema amesikia, Packie amempigia simu. Akaendelea kufuma.

Nikamwambia Carmel amenionyesha barua.

Mikono ikasimama. "Carmel ana mdomo."

"Kwa nini hukuniambia? Pale jikoni ungesema neno moja tu."

"Niliingia kukuambia," akasema. "Sikuja kuchukua birika. Halafu ukaanza habari za Bi. Tuohy. Nikasema acha, nisiseme, nione."

"Ulinipima."

"Nilikupima. Nilikosea, na bora nisingejua."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mimi si kondoo wa mnadani wa kukaguliwa meno. Nilimwambia mtu mwenye mama yake ndani ya jeneza hana ruhusa ya kumtega mwenzake. Nilisema mengi, mengine si ya kuandikwa gazetini. Alinisikiliza yote, hata hakukunja uso. Nilipoishiwa pumzi akaniuliza swali.

"Kama ungejua nimeiacha nafasi, kwamba huna la kupoteza, ungekuja kukaa?"

"Ningekuja, Festus. Ningekuja mbio."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kwamba amenisikia.

"Basi ndiyo hiyo inayoniuma," akasema.

Nikakaa chini kwenye majani yenye maji. Yeye akaokota sindano yake ya kufumia, akaiangalia, akaiweka tena.

Akaniambia kwamba Jumatatu ile kabla mama yake hajafa, akili ikiwa imeshamtoka, mama alimuuliza kama ameshaoa. Akamwambia ndiyo, nimeoa, nimemwoa Attracta wa Dinny. Mama akafurahi sana. Akauliza kama tulikula kondoo au nyama ya ng'ombe siku ya harusi. Festus akamwambia tulikula vyote viwili.

"Sasa nenda," akaniambia. "Baba yako atakuwa na njaa."

Nilienda. Nililia njia nzima, nilisimama mara mbili kwa sababu barabara ilikuwa haionekani.

Lakini kesho yake niliamka na jambo moja kichwani. Carmel amesema nyamaza siku tisa. Na nikinyamaza siku tisa nitapata kila kitu bure: nafasi, sheria, pengine hata mwanaume, akishapoa. Bure kabisa, na hicho ndicho alichoniambia kinamuuma. Nikaona kama kuna kitu naweza kumpelekea Festus Ruddy, lazima nikichukue leo, wakati bado kina gharama.

Nikamwambia baba naenda mjini kwa Bi. Tuohy kusema kweli, na kwamba jioni nitakuwa sina kazi. Nilitegemea atanizuia. Aliniambia nivae koti zuri.

Bi. Tuohy alinipokea ofisini kwake saa tano. Nilisema kabla sijakaa, nisije nikabadili nia. Nimekuja kubadilisha maelezo yangu ya jikoni. Yule mwanamke aliinua mkono kunizuia. Alisimama, akafunga mlango, akarudi akavuta faili.

"Sitakiwi kukuonyesha hii," akasema. "Nakuonyesha kwa sababu marehemu mama yako alimuuguza mama yangu. Isome kwanza, ndipo uamue kama bado una la kusema."

Ilikuwa karatasi moja. Mwandiko wa Festus, ule unaolalia kushoto.

Ameandika kwamba Attracta Padden ni mfanyakazi mwenzake. Kwamba hakujawahi kuwa na uhusiano mwingine wowote kati yao, wakati wowote. Kwamba chakula alichokula nyumbani kwa mzee Dinny Padden kilikuwa cha ujirani. Chini kuna sahihi yake, na tarehe ni ya Ijumaa, siku moja baada ya kumzika mama yake.

Nilisoma mara tatu. Mwanaume niliyemwacha peke yake kwenye benchi la watu wanane Alhamisi, Ijumaa aliamka, akavaa lile koti la mazishi, akaja kukaa kwenye kiti hiki hiki. Alikuja kunikinga, maneno yetu yafanane, nisipatikane na uongo. Au alikuja kusema anachokiamini sasa, kwamba mimi na yeye hatujawahi kuwa kitu. Nilitafuta kwenye ile karatasi ni lipi kati ya hayo mawili. Chakula cha ujirani. Miaka saba.

Bi. Tuohy akanieleza polepole, kama anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Nikisema nilichokuja kusema, ninatoka kwenye Mpango leo, sheria mpya haitanirudisha. Na Festus anatoka pamoja nami, kwa sababu naye ametia sahihi uongo, tena uongo wa kuandikwa kwa mkono wake. Atapoteza nafasi aliyokuwa tayari kuitoa kwa ajili yangu, na safari hii haitamfaa mtu yeyote. Nikinyamaza, faili linafungwa. Wote wawili tunabaki na kazi zetu. Na hii karatasi inabaki kuwa kweli.

"Unaweza kwenda kumuuliza kwanza," akasema, kisha akatikisa kichwa mwenyewe. "Hapana. Ukishamuuliza, mimi nitalazimika kumuuliza pia, na atakachosema kitaingia kwenye faili."

Akatoa karatasi nyeupe, akaandika jina langu juu na tarehe ya leo. Akasubiri. Huko nje mtu alikuwa akicheka kwenye simu.

"Niandike, Attracta," akasema, "au nisiandike?"